Mkono wa birika si mipango

Wasee, tuache kuuita ubahili “kuwa na mipango.”

Nilikuwa na jamaa mmoja miaka miwili. Tulitembea kwa miguu kutoka Tao hadi Ngara kuokoa nauli, na sikulalamika. Deti zetu zilikuwa chapati madondo kwa kibanda, na nilifurahia kabisa. Mimi mwenyewe nimelelewa kwa kuhesabu shilingi. Mamangu alitusomesha na pesa ya chama.

Lakini usiku mmoja niliumwa na tumbo vibaya. Nikamwomba pesa ya teksi nifike hospitali. Akaniambia nisubiri matatu za asubuhi, ni bei nafuu. Na alikuwa na akiba kwa Sacco, “ya dharura,” alivyopenda kusema. Sasa kama mimi kuugua si dharura, mimi ni nani kwake?

Mama aliweka pesa kwa sababu yetu. Huyu aliziweka kwa sababu ya pesa zenyewe.

Kwa hivyo usimwache mtu eti kwa sababu anabana matumizi. Muulize tu: hiyo akiba siku ikitoka, itamtokea nani? Akianza kugugumiza maneno, wewe shuka steji inayofuata.