Goma: Nani anaona nini ndani ya simu yako?

Huko Birere ao Katindo, wengi wanaamini kama serkali inasoma mesaji zote. Woga huo una historia. Tangu Septemba 2020, watu walikatwa mayunite kwa ajili ya kodi ya RAM: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G na kupanda. Viongozi walisema ni kwa kupambana na simu za wizi na za bandia, na kila simu ikatambuliwa kwa IMEI, namba yake ya tarakimu 15. Raia walilalamika, wabunge nao, na mwaka 2022 kodi ikafutwa.

Lakini kampuni ya simu ingali inajua ni namba gani iliita nyingine, saa ngapi, na karibu na antena gani. Maneno ya WhatsApp yenyewe yanafungwa toka simu moja mpaka nyingine, kampuni haiyasomi. Anayeyasoma ni yule anayeshika simu yako ikiwa wazi.

Sheria ya numeriki ya Machi 2023 inataka habari za mtu zilindwe. Ila tangu Januari 2025 Goma iko chini ya AFC/M23, na sheria ya Kinshasa haina wa kuitekeleza hapa. Basi ulinzi unaanzia kwa mwenye simu: weka namba ya siri, washa mesaji zinazojifuta. Na picha ya jirani usiitume kwenye grupu, maana atakayeulizwa kesho ni yeye.