Mteja na Kazi Yake ni Daftari Moja

Ukikaa na wenye kampuni ndogo za huduma za majumbani hapa Dar es Salaam, wale wa viyoyozi, mabomba, umeme, usafi na kupuliza dawa, utasikia kauli moja ikirudiwa kama kanuni ya biashara: wateja ni wa ofisi, kazi ni za mafundi. Ofisini kuna dada mwenye simu ya kampuni. Yeye ndiye anayepokea, anayepatana bei na anayewatumia wateja salamu za Idi na Krismasi. Upande wa pili, mara nyingi kwenye kundi la WhatsApp, kuna msimamizi anayegawa kazi: nani aende Mbezi, nani aende Upanga, nani apitie ngazi dukani. Pande hizo hazichanganywi. Kampuni inapokua na kuamua kununua programu, inanunua mbili, moja ya kutunza wateja na nyingine ya kusimamia kazi. Wauzaji wanafurahi, maana wameuza mara mbili.

Kauli hiyo ina sababu zake na nitazifikia. Lakini kwa kazi za majumbani ni kauli mbovu, na hasara yake ni ngumu kuiona kwenye mahesabu kwa sababu haiji kama deni wala kama wizi. Inakuja kama mteja aliyeacha tu kupiga simu.

Chukua kiyoyozi. Mfumo wake wa gesi umefungwa. Gesi iliyomo inazunguka, haiishi kwa kutumika. Ikipungua, ujue kuna mahali inavuja: kwenye nati ya maungio, kwenye bomba la shaba lililokunjwa vibaya siku ya kufunga, au kwenye koili ya mashine ya nje iliyoliwa na hewa ya chumvi, jambo la kawaida kwa nyumba za karibu na bahari kama zile za Masaki na Kawe. Sasa tazama inavyokwenda. Januari mteja anapiga simu, AC haipozi. Fundi anafunga geji, anaona presha iko chini, anajaza gesi, analipwa, anaondoka. Mei tatizo limerudi. Yule wa kwanza yuko Kigamboni, kwa hiyo anatumwa mwingine. Naye anafunga geji, anajaza. Septemba anakwenda wa tatu. Kila mmoja ameandika kwenye kadi ya kazi maneno yaleyale mawili, "kujaza gesi", na kila mmoja akihojiwa ana majibu.

Ofisini, kwenye programu ya wateja, nyumba ile inang'aa. Mteja mwaminifu, amepiga simu mara tatu ndani ya mwaka, analipa papo hapo. Pengine programu yenyewe inapendekeza atumiwe ujumbe wa shukrani. Na yeye wakati huo yuko ukutani anaongea na jirani, anamwambia ile kampuni ni matapeli watupu, kazi yao kujaza gesi na kula hela za watu.

Hakuna aliyekusudia kumwibia. Taarifa ya kumwokoa ilikuwepo yote, ila nusu ilikuwa kwa dada wa ofisini na nusu kwa msimamizi. Zingekaa mahali pamoja, fundi wa Mei angefika getini akijua gesi ilijazwa Januari. Asingeanza na mtungi. Angeanza na povu la sabuni kwenye maungio, atafute panapovuja. Hakuna zahanati inayoandika jina la mgonjwa kwenye daftari moja na dawa alizopewa kwenye daftari jingine lililofungiwa chumba cha pili, na mafundi wetu wanafanya kazi ya namna hiyohiyo.

Mgawanyo huu haukuletwa na hekima yoyote ya biashara. Ulirithiwa. Programu za wateja zilizopata jina duniani zilizaliwa kwenye idara za mauzo. Siebel ilianzishwa California mwaka 1993, Salesforce ikafuata 1999, na zote zililenga muuzaji anayefuatilia dili: nani ameonyesha nia, nani apigiwe tena, mazungumzo yamefika wapi. Dili likifungwa, kazi kubwa ya programu imekwisha. Programu za kusimamia kazi zilitoka upande mwingine kabisa, kwenye ubao wa kupangia magari na watu, na kwao kazi ikifungwa imekwisha. Kwa hiyo zote mbili zinasahau palepale ambapo huduma ya nyumbani inaanza kupimwa, yaani baada ya fundi kufunga kisanduku chake na kuondoka.

Marekani waliliona hilo mapema. ServiceTitan ilianzishwa Glendale, California, na Ara Mahdessian na Vahe Kuzoyan, vijana ambao baba zao walikuwa watu wa kazi hizi za ujenzi na mabomba. Waliweka simu ya mteja, ratiba ya fundi, historia ya nyumba na ankara kwenye mfumo mmoja, na Desemba 2024 kampuni ikaingia soko la hisa la Nasdaq. Jobber, iliyoanza Edmonton, Kanada, mwaka 2011, ilifanya jambo hilohilo kwa kampuni ndogo zaidi. Simshauri mtu wa Sinza akimbilie kuzinunua. Hazikutengenezwa kwa kumfikiria mteja anayelipa kwa Lipa Namba wala anayedai risiti ya EFD. Nazitaja kwa sababu anayetetea mgawanyo hupenda kusema kwamba ndivyo kampuni za kisasa zinavyofanya. Kwenye fani hii hasa, sivyo.

Kuna swali ambalo mgawanyo unalificha, nalo ni hili: mteja ni nani? Kwenye nyumba moja ya kupanga Mikocheni, anayepiga simu ni dada wa kazi, anayelipa ni mpangaji, na mwenye AC ni mwenye nyumba anayeishi Arusha. Kwenye simu ya ofisi wameandikwa "Dada Mikocheni AC", "Mama Junior" na "Mzee wa Arusha". Kwa programu ya wateja hao ni watu watatu wasiojuana. Mama Junior akihama, akaja mpangaji mwingine akapiga simu, ofisi inamkaribisha kama mteja mpya, fundi anakwenda kama hajawahi kuingia nyumba ile, na AC ni ileile, imefungwa ukuta uleule, inavuja nati ileile. Kumbe kinachodumu kwenye biashara hii ni nyumba na mashine iliyomo, na watu wanapita. Programu inayojua watu bila mashine haijui kitu, na inayojua kazi bila watu haijui nani apigiwe siku waranti ya kompresa inapokaribia kwisha. Tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi za mjini zina namba na jina la mtaa, kwa hiyo hata kisingizio cha kukosa pa kuandikia kimepungua, ingawa nakubali fundi bado ataelekezwa kwa "ukifika kwa Mangi, kata kushoto".

Sasa nije kwenye sababu halisi ya kuwaficha mafundi taarifa za wateja, ambayo wenye kampuni hawaitaji mbele za watu mpaka uwe umezoeana nao. Wanaogopa mafundi. Ukimpa fundi jina, namba na historia ya mteja, wanasema, umempa biashara yako. Kesho atakwenda peke yake Jumapili na kutoza nusu ya bei.

Hofu hiyo si ya kudharau. Kazi za pembeni zipo, na kila mwenye kampuni ana kisa chake. Lakini angalia kinga yenyewe. Fundi amekwishafika kituo cha mafuta, hajui aingie njia ipi, atampigia nani? Atampigia mteja. Namba anayo tangu hapo. Amekaa sebuleni saa mbili, amepewa maji ya kunywa, ameulizwa kama anaweza kuangalia na friji. Kumficha namba mtu huyo ni kufunga mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi. Anachofichwa kikweli ni kile tu ambacho kingemsaidia kufanya kazi vizuri: aliyetangulia alifanya nini, alifunga kifaa gani, aliacha ahadi ipi.

Ningesema zaidi. Kampuni iliyogawa kumbukumbu ndiyo inayompa fundi nguvu, kwa sababu historia ya nyumba inabaki kichwani mwake peke yake. Mteja anajua hilo, ndiyo maana anasema "nileteeni yule yule, Juma, anaijua AC yangu". Siku Juma akiondoka, mteja anaondoka naye, na wala si kwa bei. Lakini kama fundi yeyote atakayeingia anajua kwamba kapasita ilibadilishwa mwaka jana, na ofisi ndiyo inayokumbusha kuosha AC kila baada ya miezi mitatu, na kifaa kilichofungwa kina waranti iliyoandikwa kwa jina la kampuni, basi Juma akija peke yake Jumapili anakuja mikono mitupu. Ana bisibisi, hana kumbukumbu. Wako watakaomchukua kwa sababu ya unafuu, na hao hata leo unawapoteza.

Wapo wanaojibu kwamba programu mbili zinaweza kuunganishwa kwa waya wa katikati, zikapeana taarifa usiku. Zinaweza. Ila kwa majina tunayoyaandika sisi, "Mama Junior" upande huu na "Nyumba ya geti jeusi" upande ule, hakuna kompyuta itakayojua ni mlango mmoja. Utaishia kumlipa mtu wa kulinganisha orodha mbili, na mtu huyo ni gharama ya programu ya tatu.

Hoja ninayoiheshimu zaidi ni ya faragha. Kumbukumbu moja ikijaa maneno kama "mchana yupo dada peke yake" au "ufunguo anao mlinzi", na kila fundi, hata kibarua wa wiki hii, anaweza kuyasoma, umetengeneza ramani ya wezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Tanzania tangu Mei 2023, na Kenya wana yao tangu 2019. Mwenye kampuni anayehifadhi taarifa za watu anawajibika nazo, ziwe kwenye programu au kwenye daftari la mistari. Lakini kumbukumbu kuwa moja si sawa na kila mtu kuona kila kitu. Fundi aone mashine, historia yake na kazi ya leo. Mazungumzo ya bei na madeni yabaki ofisini. Na maneno ya ufunguo yasiandikwe popote.

Kwa fundi anayefanya kazi peke yake na kijana mmoja wa kumsaidia, mjadala huu wote haumhusu. WhatsApp Business yenye lebo na picha ya kibandiko cha mashine inamtosha, kwa kuwa mteja na kazi vimekaa kwenye kichwa kimoja tayari. Tatizo linaanza siku anapoajiri fundi wa pili asiyelala nyumba moja naye.

Kwa hiyo ewe mwenye kampuni, muuzaji wa programu akija na kompyuta yake na maneno matamu, usimuulize ina vitufe vingapi wala imetumika nchi ngapi. Mpe nyumba moja, AC mbili, mpangaji aliyehama na mafundi watatu waliokwenda siku tofauti, mwambie aingize. Kisha mwambie akuonyeshe, kwenye simu ya fundi na si kwenye kompyuta yake, gesi ilijazwa mara ya mwisho lini na nani alilipa. Mwambie azime na data, maana kuna nyumba mtandao haushiki. Akihitaji kufungua programu ya pili ili akujibu, mshukuru, mpe chai, na hela yako ibaki mfukoni.