Sikio la Malko

Ijumaa Kuu ya mwaka juzi, katika kigango kimoja nje ya mji wa Tabora, vijana waliigiza Njia ya Msalaba chini ya miembe. Askari wa Kirumi walikuwa wanne. Kofia zao zilikatwa kwenye madumu ya mafuta ya kula, na viboko vyao vilikuwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Yesu wetu, ambaye siku za kazi ni fundi pikipiki, alijua kuanguka. Alipoanguka mara ya kwanza, vumbi likatimka, bibi mmoja aliyekuwa amekalia ndoo akanyanyuka, akamwendea askari wa karibu, akampokonya kiboko.

"Mwacheni mtoto wa watu!"

Watu tukacheka. Katekista akaja mbio, akamshika bega kwa heshima. "Bibi, mrudishie. Ni lazima afe, ndiyo tuokoke." Bibi akarudisha kiboko, shingo upande.

Ugomvi wangu ni na hiyo "lazima".

Sina neno nayo ikibaki pale ilipozaliwa, yaani kwa Yesu mwenyewe, aliyesema imempasa kuteswa na kuuawa. Mimi ni Mkristo, nayakiri hayo kila Jumapili. Shida ni kwamba lazima hiyo haikai kanisani. Inatoka na sisi baada ya misa, inapanda bodaboda, inaingia chumbani kwa mgonjwa na kukaa kitandani pake. Huko inabadili jina. Inaitwa "siku yake imefika". Inaitwa "tusishindane na Mungu". Na mtu akishakufa, inasimama mbele ya jeneza na kutuambia kuwa kazi ya Mungu haina makosa.

Simgusi mama aliyefiwa. Akisema Bwana ametoa na Bwana ametwaa, anatafuta pa kushika asianguke, na mwenye akili atampa mkono anyamaze. Ninaowasema ni wale wanaoyatamka maneno hayo mgonjwa akiwa bado anapumua.

Nami nimo kati yao. Nilikuwa na jirani mwenye kisukari. Mhubiri mmoja alimwambia kwamba imani na vidonge havikai nyumba moja. Asubuhi moja nikaona paketi za dawa zake kwenye shimo la taka, vidonge bado vimo ndani, kuku wanazichakura. Nikasimama pale na ndoo yangu ya maganda. Nikawaza: mambo ya imani ya mtu, unayaingiliaje? Nikamwaga maganda, nikarudi ndani. Hakumaliza mwaka. Siku ya mazishi yule mhubiri alisema siku ya marehemu ilikuwa imeandikwa tangu tumboni mwa mama yake, na mimi, niliyeziona zile paketi, nikaitikia Amina kama wenzangu.

Ukibishana na watu wa "lazima", watakuletea Petro. Petro alichomoa upanga bustanini ili kukizuia kifo cha Bwana, akakemewa. Umeona? Usiingilie. Lakini hawaimalizii hadithi. Upanga ule ulikata sikio la mtu, na Yohane anatupa jina lake: Malko, mtumwa wa kuhani mkuu. Luka anaeleza kilichofuata: Yesu akaligusa sikio lile, akamponya. Usiku wa kifo cha lazima kuliko vyote, muda umekwisha, askari wamezingira, na yule anayekwenda kufa anasimama kumtibu mtumwa wa adui yake. Hakusema sikio hilo liliandikiwa kukatwa. Alichokemea ni upanga. Tiba aliifanya mwenyewe, tena palepale.

Na kama tunatafuta mtu mwingine aliyesema ni lazima huyu afe, yupo: Kayafa. Ndiye aliyeliambia baraza kuwa ni afadhali mtu mmoja afe kuliko taifa zima liangamie. Yohane anasema alitabiri bila kujua, sawa, lakini hakuna Mkristo anayembatiza mwanawe Kayafa. Yesu aliposema lazima, alikuwa anasema juu ya uhai wake. Kayafa alikuwa anasema juu ya uhai wa mwenzake.

Sisi wa Tabora tungepaswa kuiona tofauti hiyo upesi kuliko wengine, maana mji wetu umekaa juu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na kina Malko wamepita hapa kwa maelfu. Mmoja wa watumwa wa zama hizo, ingawa wa njia nyingine, alikuwa Adrian Atiman. Alizaliwa upande wa mto Niger, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa Sahara, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria. Wakampeleka Malta kusomea udaktari. Mwaka 1888 akaja huku na msafara wa wamisionari, akaishia Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Akakaa hapo hadi alipofariki mwaka 1956.

Atiman alikuwa katekista. Mafundisho ya mpango wa Mungu aliyajua kuliko mimi na yule mhubiri tukijumlishwa. Lakini mtu huyo, kwa zaidi ya miaka 65, alikuwa na kazi mbili tu: kufundisha dini na kukiingilia kifo. Angeweza kukaa kivulini akiwaambia wagonjwa siku zao zimefika, na kwa hali ya tiba ya wakati ule nani angembishia? Yeye alifungua mkoba.

Wapo watakaoniambia kuna vifo vinavyozaa matunda, na mfano wao wa karibu ni Livingstone: alikufa porini, na damu yake ikalifunga soko la watumwa la Zanzibar. Pale Mkunazini, ndani ya kanisa lililojengwa penye soko lile, upo msalaba uliochongwa kwa mti ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake. Picha nzuri. Ila tarehe zinakataa.

Mapema mwaka 1872 Livingstone alikuwa Kwihara, hapa nje kidogo ya mji wetu, pamoja na mwandishi wa habari Stanley. Mzee amechakaa, meno yameng'oka. Stanley alimsihi arudi kwao kwanza apate nguvu, atengenezewe na meno ya bandia, ndipo aje kumalizia kazi. Akakataa. Wakaagana tarehe 14 Machi, na Agosti akaondoka Kwihara kuelekea kusini. Alikufa tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watumishi wake, Chuma, Susi na wenzao, wakaubeba mwili wakapita nao hapa Unyanyembe hadi pwani. Soko la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba uliosainiwa tarehe 5 Juni 1873. Siku hiyo mwili ulikuwa bado porini, na Zanzibar hakuna aliyejua kuwa mzee amekufa. Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, alisaini kwa kuogopa manowari za Waingereza. Na Waingereza walikuwa wamechochewa, pamoja na mengine, na barua za Livingstone kuhusu mauaji yaliyofanywa na wafanyabiashara wa watumwa huko Nyangwe, alizoziandika akiwa hai, zikatoka Kwihara ndani ya mizigo ya Stanley. Kama ni matunda, yalizaliwa na kalamu ya mtu anayepumua. Stanley sina hamu naye kwa mengi, lakini juu ya yale meno alikuwa sahihi.

Shakahola nitaipitia haraka, kwa sababu inauma. Aprili 2023, huko Kilifi, polisi waliingia msituni ambako watu walikuwa wanafunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400, na watoto walikuwamo wengi. Baadhi ya waliookolewa walikataa chakula, wakiwaona waokoaji wao kama wanaowazibia njia ya mbinguni. Tulishangaa sana hapa Tabora, tukasema Wakenya hao wamepotoka. Nami nilishangaa kwa sauti kubwa, na lile shimo la taka liko mita 20 kutoka mlangoni kwangu.

Bibi yetu bado yupo. Mwaka jana waandaaji, kwa kumhofia, walimpa nafasi ya Veronika: akae kituo cha sita, Yesu akipita amfute uso kwa kitambaa. Alikubali, akaja na kitambaa kimefuliwa na kupigwa pasi. Msafara ulipofika kituo cha tatu, fundi pikipiki akaanguka, nasi tukageuka kuangalia nyuma. Bibi alikuwa ameshaacha kituo chake, kitambaa begani, anakuja moja kwa moja kwa askari.