Kuezua Nyumba kwa Maneno Matupu

Kila mwaka ifikapo Oktoba, barabara zinazopanda kutoka Moshi kwenda Kibosho, Machame, Marangu na Rombo huanza kujaa malori ya mchanga, kokoto na mabati. Wenyeji wanaijua sababu. Wana wa mkoa huu waliotawanyika nchi nzima, na wengine ng'ambo ya bahari, hurejea migombani kwa ajili ya Krismasi, wala hakuna apendaye kuwapokea ndugu na wakwe katika nyumba inayovuja. Kwa hiyo, kati ya Oktoba na Desemba nyumba nyingi za zamani katika miteremko ya Kilimanjaro huezuliwa, huvunjwa kuta, huongezwa vyumba na kupakwa rangi. Jambo lenyewe ni jema, nasi hatuna neno la kulipinga. Ila namna linavyofanywa inatutia wasiwasi, na tunawaomba wananchi na viongozi wahusika watusikilize.

Mambo huenda hivi. Mwenye nyumba yuko Dar es Salaam, au Mwanza, au ng'ambo kabisa. Humpigia simu fundi aliyesifiwa na shemeji yake. Fundi huitazama nyumba kwa robo saa, hutaja jumla moja ya fedha, na mwenye nyumba huipunguza kidogo, maana kutopunguza kabisa ni kujionyesha mjinga. Nusu ya fedha hutumwa kwa simu siku hiyo hiyo. Hakuna mchoro, hakuna makadirio ya vifaa, hakuna tarehe ya kumaliza isipokuwa lile neno "kabla ya Krismasi", na hakuna aliyetia sahihi popote. Paa huezuliwa. Kisha mvua za vuli hushuka.

Yatokeayo baadaye yanafahamika mno hata hayahitaji kuelezwa kirefu. Kuta zisizo na paa hulowa, vyombo huhamishiwa jikoni, bibi mwenye nyumba hulala kwa jirani, na simu ya fundi haipatikani. Mara nyingi fundi huyo hakutoroka. Yuko kijiji cha pili, anamalizia nyumba ya mtu mwingine kwa fedha za nyumba hii, kama ambavyo nyumba hii nayo itamaliziwa kwa fedha za nyumba ya tatu.

Tusimwonee fundi. Yeye naye ana mashitaka yake, na mengi ni ya haki. Alikubaliana kubadilisha mabati, akaagizwa kuongeza na choo cha ndani. Aliomba mbao kavu zilizotiwa dawa, akaletewa mbao mbichi zilizonunuliwa kwa bei nafuu, na zilipopinda juu ya kenchi akalaumiwa yeye. Alimaliza kazi, akaambiwa asubiri salio hadi Januari, na Januari kuna ada za shule. Fundi wa namna hii hana pa kwenda kudai, kwa sababu hana karatasi inayosema alikubaliana nini na nani.

Iko methali ituambiayo tuzibe ufa kabla ya kujenga ukuta. Methali hiyo haikutuambia tumlipe nani, kiasi gani, na lini.

Yafaa ikumbukwe kwamba kukarabati nyumba ya zamani ni kazi ngumu kuliko kujenga mpya. Nyumba nyingi nzuri za miteremko hii zilijengwa katika miaka ya 1950, kahawa ilipokuwa na bei na chama cha ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa 1933, kilipokuwa fahari ya wakulima. Waliozijenga walitumia walichokuwa nacho: mawe ya mtoni, matofali ya kuchoma, mara nyingine udongo mahali pa saruji kati ya tofali na tofali, na mabati mepesi juu. Nyumba kama hiyo imesimama miaka 70 kwa sababu uzito wake unalingana na kuta zake. Leo mjukuu anataka vigae vizito juu ya kenchi ile ile, madirisha mapana ya alumini katika ukuta ambao haukuwekewa linta ya upana huo, na sebule moja kubwa mahali palipokuwa na vyumba viwili. Ukuta ule wa katikati anaoamuru ubomolewe, pengine ndio uliobeba paa. Nani amemwambia? Fundi aliyetazama kwa robo saa hakuweza kujua, na mwenye nyumba hakumlipa mtu mwingine yeyote aje kutazama.

Tena liko jambo la zege, ambalo haraka ya Krismasi hulidhulumu kila mwaka. Zege huhesabiwa kuwa limefikia nguvu yake baada ya siku 28, na katika wiki ya kwanza halina budi kumwagiliwa maji kila siku. Mbao na nguzo zinazoshikilia jamvi la juu huhitaji kuachwa wiki mbili hadi tatu. Basi ahesabu mwenyewe yule anayemwaga jamvi la baraza tarehe 10 Desemba ili wageni wakae juu yake tarehe 25. Hakuna fundi, hata awe hodari namna gani, awezaye kulibembeleza zege likomae upesi kwa ajili ya sikukuu.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaosoma safu hii wasidhani kwamba tunasimulia habari za mlimani peke yake. Kwao wenye nyumba wako Muscat, Dubai na London, na mwezi unaoharakishiwa kazi ni Ramadhani badala ya Desemba, ili Idi ikute nyumba imepakwa rangi. Hata hivyo simu ni ile ile, jumla moja ya fedha ni ile ile, na ukimya wa fundi ni ule ule. Nyumba za Mji Mkongwe zina ugumu wake zaidi. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hushikwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliofanya vyumba vile viwe vyembamba. Ukuta wa chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Fundi wa haraka huupiga lipu ya saruji, ukuta ukawa laini na wa kupendeza kwa msimu mmoja, kisha unyevu uliofungiwa ndani huanza kula chokaa na vichwa vya boriti. Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoundwa 1985, imekuwapo kwa sababu kama hizi, na kibali chake si usumbufu kama wengine wanavyonong'ona.

Na ni Visiwani humo tulikopata onyo kubwa kuliko yote. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, lilikuwa likifanyiwa matengenezo kwa msaada wa Serikali ya Oman lilipoanguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, wakati taarifa zilisema kulikuwa na kazi ya kuchimba sehemu yake ya chini. Watu zaidi ya 20 walifariki, na Serikali ikaunda tume ya kukagua majengo ya eneo hilo. Hatutaki kumhukumu mtu hapa. Tunalosema ni kwamba jengo kongwe linapoguswa liko katika saa yake ya hatari zaidi. Ikiwa majumba yanayotazamwa na wakubwa huanguka mikononi mwa watengenezaji, vipi nyumba ya bibi kule Uru, ambayo haitazamwi na ofisi yoyote?

Sheria haikosekani. Kwa upande wa Bara, Bodi ya Usajili wa Makandarasi iliundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na makandarasi wa majengo hupangwa katika madaraja kuanzia la 7 hadi la 1. Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya 1979, lina mikataba ya mfano. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya watu wazima waliokubaliana kwa hiari, na Mahakama ya Mwanzo iko wazi kwa mwenye dai. Lakini mtu anayebadilisha kenchi na kuongeza vyumba viwili hamwiti mkandarasi wa daraja lolote. Humwita fundi. Na ile mikataba ya mfano iliandikwa kwa ajili ya kazi zenye mhandisi mshauri, mkadiriaji majenzi na kurasa nyingi za masharti; ukimpelekea fundi wa Kirua Vunjo atadhani umemletea hati ya kumkamata. Hivyo kati ya sheria na kijiji kuna bonde, na fedha nyingi za wananchi hutumbukia humo kila mwaka.

Tungependa kuona karatasi moja tu. Iwe ya Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2021 ndicho lugha ya sheria na mahakama zetu, na iwepo katika kila ofisi ya mtendaji wa kata. Karatasi hiyo iseme kazi ni ipi, chumba kwa chumba; nani atanunua vifaa, na mbao na bati ziwe za aina gani na unene gani; ufundi utalipwa kiasi gani na kwa hatua zipi. Malipo yafuate kazi iliyoonekana: kenchi ikisimama ilipwe kenchi, paa likifungwa lilipwe paa. Malipo ya awali yawe ya kumwezesha fundi kuanza, yasiwe ya kumwezesha kumaliza nyumba ya mwingine. Kila nyongeza iandikwe na kutiwa sahihi kabla haijaanza, hata kama ni dirisha moja. Na kwa kuwa nyumba kongwe huficha mchwa, nyaya mbovu na nguzo zilizooza, ambavyo havionekani hadi paa limefunuliwa, mwenye nyumba atenge akiba, tungeshauri asilimia 10 hadi 15 ya makadirio, na asiitangaze.

Liko sharti moja ambalo tunalitilia mkazo zaidi ya mengine. Katika kazi kubwa ni desturi kuzuia sehemu ya malipo, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, mpaka kipindi cha matazamio kiishe. Desturi hiyo ishuke vijijini, na kwetu sisi wa mlimani kipindi hicho lazima kivuke masika. Paa lililoezekwa Novemba halijulikani ubora wake Desemba. Linajulikana Aprili, mvua inapopiga usiku na mchana. Fundi mwema hataogopa, maana fedha yake iko na imeandikwa. Naye mwenye nyumba ashurutishwe kuilipa ifikapo Juni, bila hadithi za ada.

Tumewasikia wanaosema kwamba kuandikishana na mtoto wa jirani ni kumtukana. Hoja hii tunaiheshimu, ila hatuikubali. Wazee wetu walipanda masale mpakani mwa vihamba ingawa mwenye kihamba cha pili alikuwa ndugu wa tumbo moja. Mahari haikupata kutolewa gizani, ilihesabiwa mbele ya mashahidi, mbege ikiwa katikati, na hakuna mkwe aliyeona ametukanwa. Waswahili wa pwani nao, wafanyabiashara wa karne nyingi, ndio waliotufundisha kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ni lini basi maandishi yalianza kuwa uadui?

Kwa maofisa wa halmashauri za Moshi, Hai, Siha, Rombo, Mwanga na Same tunalo ombi la pili. Mhandisi wa halmashauri hawezi kuzuru kila nyumba inayopakwa rangi, na hatumtaki azuru. Lakini kazi inayogusa ukuta uliobeba paa, inayoongeza ghorofa, au inayobadilisha uzito wa paa, ikaguliwe na mtu mwenye ujuzi kabla nyundo ya kwanza haijapigwa, kwa ada ndogo inayojulikana na yenye stakabadhi. Ada isiyojulikana itawafanya watu waezue usiku. VETA, ambayo ina chuo hapa Moshi, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini bila kupita darasani. Mafundi wetu wengi ni wa namna hiyo, na baadhi yao wana mikono ambayo vyuo vingeionea wivu. Kata ikiwa na daftari la mafundi waliopimwa, mwana aliyeko Dar es Salaam hatalazimika kutegemea sifa za shemeji.

Nao wenye nyumba walio mbali wamteue mtu mmoja wa kusimamia, wamtaje katika karatasi, na wamlipe. Mjomba anayesimamia bure husimamia akipata nafasi.

Lililobaki ni majira. Miezi mikavu ya Julai hadi Septemba ndiyo ya kuezua nyumba katika miteremko hii. Zege hupata siku zake, mbao hukauka, na mafundi hawagombewi kama ilivyo Novemba. Ili hayo yawezekane, karatasi hiyo haina budi iwe mezani kwa watendaji wa kata kufikia mwezi Mei, na mikutano ya vijiji ya robo hiyo iielezwe. Wakurugenzi wa halmashauri zetu wanao wanasheria na wahandisi wa kuiandika, na kazi hiyo haihitaji kusubiri bajeti mpya.