Wengi Wape, Lakini kwa Bei Gani?

Makamanda, haki za wachache tumezoea kuzidai bungeni na kwenye mabaraza ya madiwani. Leo nataka tuzidai kwenye kampuni.

Huku Hombolo kila kijana ana wazo lilelile: zabibu tunalima sisi, faida wanakula wengine, kwa nini tusifungue kampuni yetu? Tunaingia BRELA mtandaoni, tunagawana hisa, tunapiga picha na cheti. Swali moja hatuulizani: siku tukikosana, hisa za anayetoka zitanunuliwa kwa bei gani?

Tuseme mpo watatu. Mmoja ana asilimia 60, wewe 25, mwingine 15. Baada ya miaka miwili mwenye 60 anakutoa kwenye ukurugenzi, anajipandishia mshahara, halafu eti mwaka huu hakuna gawio. Ukiitisha kura, unashindwa. Ukitaka kuuza hisa zako, nani anunue kiti kisicho na sauti wala mgao?

Sheria haijakuacha yatima. Kifungu cha 233 cha Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika Machi 2006, kinamruhusu mwanahisa anayeumizwa isivyo haki kwenda mahakamani. Mahakama inaweza kuamuru wenzako, au kampuni yenyewe, wanunue hisa zako. Vizuri. Lakini kwa bei gani? Kifungu hakitoi kanuni ya bei, na hapo ndipo mnyonge anapoumizwa mara ya pili.

Fanya hesabu. Kampuni ina thamani ya milioni 120, asilimia 25 ni milioni 30. Mthamini wa upande wa pili atasema: hisa chache hazina nguvu ya maamuzi, kata asilimia 40. Unaondoka na milioni 18. Zile 12 anabaki nazo nani? Yuleyule aliyekufukuza!

Uingereza, ambako kifungu chetu kimechotwa, walishalijadili. Katika kesi ya Bird Precision Bellows, mwaka 1984, mahakama ilisema kampuni iliyojengwa kwa kuaminiana kama ubia, mwanahisa asiyejitakia kutoka alipwe kwa uwiano wa hisa zake, bila punguzo. Kabla ya hapo kulikuwa na kesi ya Meyer. Mwanahisa mkubwa aliinyima kampuni biashara mpaka hisa zikaporomoka. Mabwana wa Sheria wakaamuru azinunue kwa bei inayozingatia madhara aliyosababisha mwenyewe. Maamuzi hayo hayazifungi mahakama zetu. Jaji anaweza kuyafuata au kuyaacha. Mjasiriamali wa Hombolo hapaswi kutegemea bahati ya jaji.

Mnadhani haya ni mambo ya wenye makampuni tu? Kumbukeni Escrow. VIP ilikuwa na asilimia 30 ya IPTL, Mechmar ya Malaysia 70. Mwaka 2002 VIP ikaenda Mahakama Kuu kuomba IPTL ifilisiwe, ikilalamikia mbia mkubwa. Shauri likakaa miaka 11. Mwaka 2013 likaondolewa baada ya VIP kuiuzia PAP hisa zake kwa dola milioni 75. Bei hiyo waliipanga wenyewe, haikupangwa na mahakama. Kisha fedha za akaunti ya Escrow pale Benki Kuu zikatoka, na Novemba 2014 Bunge likawaka moto kuhusu sehemu ya umma ndani yake. Mgogoro wa wanahisa ukikosa njia ya haraka na ya wazi ya kupata bei, unaweza kumalizikia chumbani, na nchi nzima ikabaki inauliza maswali.

Wapo watakaosema kulipa bei kamili kutaua kampuni changa. Hoja ina uzito, ila dawa yake ni kulipa kwa awamu, siyo kumdhulumu anayetoka. Wala sidai kila aliyechoka anunuliwe. Athibitishe kwanza kwamba ameumizwa.

Ninachodai ni kanuni nne, ziandikwe: mthamini huru anayekubaliwa na pande zote au kuteuliwa na mahakama; hakuna punguzo la uchache kwa aliyesukumwa nje; tarehe ya uthamini isimnufaishe aliyeshusha thamani; na ukomo wa muda wa shauri. Wabunge wetu wanaweza kupeleka hoja hiyo, sisi tuwasukume.

Na wewe unayefungua kampuni wiki hii, usisubiri Bunge. Andikeni sasa kwenye katiba ya kampuni au mkataba wa wanahisa: nani atathamini, kwa njia gani, malipo ndani ya miezi mingapi. Andikeni mkiwa bado mnapendana.

Wengi wape, sawa. Ila wachache walipwe haki yao.