Ukiuza droni uliyojiundia, jina lako linaruka nayo

Wasomaji wangu, leo hakuna msimbo. Nina hasira kidogo, na hasira yenyewe inahusu karatasi.

Hapa Garissa kuna vijana wanaojiundia droni. Fremu, mota nne, kidhibiti chenye programu ya ArduPilot, na jioni kitu kinanguruma juu ya mto Tana. Nawapigia makofi! Kinachonikera ni kinachofuata. Anatokea mfugaji anayetaka kutafuta ngamia waliopotea, wanapatana bei, pesa zinaingia kwa M-Pesa, kwaheri. Ukiuliza maandishi unaambiwa hayo ni mambo ya Kenya (huku kwetu ukienda Nairobi unasema unaenda Kenya), hiki ni kichezeo tu.

Si kichezeo. Kisheria ni ndege. Kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020 zinataka droni isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, kwa jina la mwenyewe. Kuiunda sebuleni kwako hakuiondoi katika sheria.

Na cha kushangaza, ngamia huyo anayetafutwa hauzwi ovyo namna hiyo. Nenda soko la mifugo. Kuna dilaal anayewajua wote wawili, anatazama chapa, anasimama kama shahidi kwamba mnyama si wa wizi. Yaani mnyama wa miguu minne ana mdhamini, na mashine inayopita juu ya mapaa ya watu haina hata kijikaratasi!

Bodaboda imeshatufundisha, ila hatusikii. Sheria ya Trafiki inasema aliyeandikwa ndiye mwenye chombo mpaka ithibitishwe vingine, na inatoa siku 14 za kubadilisha umiliki. Watu wanauza pikipiki, logibuku inabaki na jina la zamani, mwaka unaisha. Siku ikigonga mtu, anatafutwa nani? Sasa fikiria droni ikianguka karibu na kambi ya jeshi katika kaunti hizi za mpakani, katika mji ambao watu 148 waliuawa chuo kikuu tarehe 2 Aprili 2015. Hakuna afisa atakayecheka ukimwambia "niliiuza kwa jamaa fulani wa Ijara, namba yake nimefuta."

Lakini tuache polisi. Kwa mtu wa programu kama mimi, hoja kubwa ni nyingine: chombo cha kujiundia kina siri zilizo kichwani mwa fundi peke yake, na kikiuzwa bila maandishi, siri hizo zinabaki kwake.

Ndege kubwa zimeshalipa deni hilo. Oktoba 1997 mwanamuziki John Denver alikufa California akirusha Long-EZ aliyoinunua karibuni, ndege iliyoundwa na mtu binafsi. Kwenye michoro ya Burt Rutan, mpini wa kuchagua tangi la mafuta uko mbele, katikati ya miguu ya rubani. Muundaji aliuhamishia nyuma ya bega la kushoto, bila alama. Wachunguzi walisema Denver mwenyewe hakupanga mafuta vizuri, lakini uamuzi huo wa muundaji pia uliandikwa kama chanzo kilichochangia.

Mpini wetu sisi uko ndani ya faili. Droni ya ArduPilot ikipoteza rimoti, kwa mpangilio wa kawaida hupanda hadi angalau mita 15 kisha hurudi ilikoondokea. Kijana anayejaribia kwenye uwanda mtupu anaweza kuishusha iwe mita 5, hakuna cha kugonga huko. Mnunuzi anairusha mjini kati ya milingoti na nyaya. Nani alimwambia?

Kuna wanaojificha nyuma ya maneno "nimeuza kama ilivyo." Maneno hayo yanaweza kumnyamazisha mnunuzi. Mtoto aliyekatwa na rafadha hakusaini chochote. Tangu kesi ya Donoghue na Stevenson ya 1932, ile ya konokono ndani ya chupa, mtengenezaji anaweza kushtakiwa na mtu ambaye hakuwahi kumwuzia kitu, na mahakama zetu zinafuata msingi huo.

Mtaniambia ofisi za ndege ziko Nairobi, kilomita zaidi ya 350, na droni yenyewe haifiki bei ya mbuzi watano. Sawa, usajili una usumbufu wake, na walioandika kanuni hizi walimfikiria zaidi mwagizaji wa droni ya boksi kuliko fundi wa mtaani. Nawalaumu. Ila faili la mipangilio halihitaji basi la Nairobi. Lihifadhi, andika toleo la programu, andika kila ulichobadilisha na kwa nini, muweke sahihi nyote wawili mbele ya shahidi, tarehe na saa. Kisha umiliki uhamishwe KCAA kabla mnunuzi hajaondoka na rimoti. Asipokubali, hiyo pesa yake mrudishie.