Staa, Kiwanja cha "Dakika 20" na Mtoto wa Saa Kumi Alfajiri

Klipu ilirekodiwa Jumapili asubuhi, foleni zikiwa zimelala. Staa huyo, yule ambaye akibadili nywele tu mji mzima unajua, kasimama kwenye kiwanja cha udongo mwekundu huko ndani ndani, mbele kabisa ya Madale. Miwani usoni, anasema: "Wapendwa, hapa mpaka mjini ni dakika 20 tu, na shule nzuri zimejaa." Nyuma yake hakuna shule. Kuna mwembe na mbuzi wawili.

Komenti zikamwagika, mioyo na moto kwa wingi. Aliyeharibu sherehe ni mama mmoja tu. Aliandika kwamba alinunua kwenye mradi huohuo baada ya kumsikia staa, akajenga, akahamia, na sasa mwanawe wa darasa la kwanza anachukuliwa na basi la shule saa 10:40 alfajiri. Hakutukana mtu. Komenti ikafutwa, na mama akapigwa bloku.

Kutangaza viwanja si kosa, kila mtu mjini anatafuta riziki. Ubaya ni kwamba staa mwenyewe hakai huko. Anakaa Masaki, na wanawe wanasoma jirani tu. Kapost mwenyewe, mtoto anakunywa uji saa moja asubuhi huku anaangalia katuni. Saa hiyo mtoto wa yule mama kashakaa kwenye kiti cha basi zaidi ya saa mbili, kalala mdomo wazi, shingo imepinda.

Maana basi la shule haliendi moja kwa moja. Linazunguka Goba, linaingia vichochoro vya Mbezi, linasubiri mtoto ambaye kasahau daftari. Anayekaa mbali kuliko wote ndiye wa kwanza kupanda na wa mwisho kushuka. Anarudi saa 11:30 jioni, kuna homuweki, kuna kuoga, kuna kula. Akiwahi sana analala saa 3 usiku, na saa 10 anaamshwa. Hizo ni saa 7. Wataalamu wa usingizi wanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 mpaka 12. Halafu ripoti ikija imeandikwa "anasinzia darasani", anagombezwa yeye.

Mashabiki wa staa wakaja juu: bora kwako kuliko kumlipa mwenye nyumba kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Hapo wana hoja, tena nzito. Kodi ya Dar inauma, na mwenye nyumba akiamka vibaya anapandisha. Lakini nani kasema ukinunua kiwanja lazima uhamie kesho? Kiwanja hakiozi. Wapo wanaopanga vyumba viwili Sinza au Tabata, mtoto anatembea kwa miguu kwenda shule, na huko saiti tofali zinapanda mdogomdogo mpaka mtoto afike sekondari. Hao hawapigwi picha na staa, ila wanao wanalala.

Na hiyo "shule nzuri" ina maana gani? Kwa wengi ni inglishi midiamu yenye basi la njano, basi. Shule za msingi za serikali hazina ada, na matokeo ya darasa la saba yapo wazi mtandaoni, shule kwa shule. Kuna wazazi wanaipita shule inayofaulisha iliyo mtaa wa pili, wanampeleka mtoto ng'ambo ya mji kwa sababu ya sweta. Ndiyo, madarasa mengine yamefurika, hilo halifichiki. Lakini kuingia, kuhesabu madawati na kuongea na mwalimu ni kazi ya asubuhi moja. Dalali hatakupeleka huko.

Wala hatakupeleka saiti Jumatatu saa 12 asubuhi, muda ambao dakika 20 zinageuka saa mbili. Hatakupeleka Kimara ukaone watu wanavyoingia mwendokasi kwa mabega, ingawa kwenye makaratasi Kimara ndiyo imepatia kuliko zote. Wala hakupeleki masika, barabara ya udongo ikiwa uji, Jangwani imefungwa kwa maji na bodaboda wametaja bei wanayotaka.

Yule mama bado yuko bloku. Staa kashatoa klipu mpya, safari hii Kigamboni, kaelekeza kidole ng'ambo ya maji: "Posta ile paleee, mnaiona?" Inaonekana kweli. Na chini yake, kwenye kona ya picha ambayo mpiga kamera kasahau kuikata, inaonekana foleni ya magari yanayosubiri pantoni.